Barabara Kuu za Kenya: Maswali Ambayo Wapenda Safari Huniuliza Mara kwa Mara

Naishi Nairobi na napenda barabara. Magari nayapenda kiasi tu; kinachonivuta hasa ni barabara yenyewe: ilikopita, walioichonga, kwa nini ikapinda pale ilhali ingeweza kunyooka, na watu wanaoamka kando yake kila asubuhi. Kwangu barabara ni mahali kamili, pana wenyeji, historia na hali ya hewa yake. Wanaojua hivyo huniuliza maswali, awe abiria mwenzangu kwenye matatu au jamaa tuliyekutana harusini, na mengi hujirudia. Nimeyakusanya hapa.

Unaona nini kwenye barabara ambacho sisi hatukioni?

Naona sababu. Chukua barabara ya Mombasa. Makindu, Kibwezi, Tsavo, Voi: miji hii haikuota nyikani bila mpango. Palikuwa na maji, mto au chemchemi, na misafara iliyotoka pwani ilihesabu siku zake kwa kufuata maji hayo. Reli ilipojengwa kati ya 1896 na 1901 ilipita karibu na njia ileile, kwa kuwa injini za mvuke nazo zilihitaji maji. Stesheni zikaleta maduka, maduka yakakua miji, na lami ilipofika ikaifuata miji. Dereva wa trela anayekunywa chai Makindu leo amekaa karibu na pale mpagazi alipotua mzigo. Ukishajua hilo, hakuna kilomita inayobaki tupu.

A2, A8, A104: hizi nambari zina maana gani?

Herufi ni daraja la barabara. A ni zile za kimataifa, zinazofika mipakani na bandarini. B huunganisha miji mikubwa ndani ya nchi, C huja chini yake, na kuendelea. Mwaka 2016 madaraja na nambari vilipangwa upya, ndiyo maana watu hukanganyikiwa. Zamani Nairobi hadi Mombasa ilikuwa A109, na barabara iliyotoka Namanga ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi Malaba ilikuwa A104. Leo Mombasa hadi Malaba ni barabara moja, A8, na ile ya Nairobi hadi Moyale ni A2. Madereva wengi wa masafa marefu bado wanasema A104, na mimi siwasahihishi. Wameizoea tangu ujana wao.

Iko ramani nyingine kubwa zaidi, ya barabara kuu za bara la Afrika. Ile ya Cairo hadi Cape Town huingia Kenya kwa Moyale na kutokea Namanga. Ile ya Lagos hadi Mombasa huingia kutoka Uganda na kuishia baharini. Zinakutana Nairobi. Huwaza hilo kila nikipita Museum Hill, hata jam ikiwa imetubana: lori lililo mbele yangu linaelekea Kampala, basi lililo nyuma limetoka Meru, na wote tunabanana kwenye makutano ya bara zima.

Barabara ikiwa mbovu, nimlaumu nani?

Inategemea ni ipi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Kaunti nazo zina zake. Fedha za matengenezo hutoka kwenye tozo ya mafuta, ambayo Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kwa hiyo kila anayenunua petroli, au anayepanda matatu inayoinunua, ni mlipaji wa barabara na ana haki ya kuuliza.

Barabara ya Mombasa inachosha. Unaipendea nini?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa furaha kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza kwa kawaida amesafiri usiku, pazia limefungwa.

Ni takriban kilomita 480. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Mombasa iko baharini, kwa hiyo safari nzima ni kuteremka, ila unateremka polepole kiasi kwamba mwili ndio unaotambua kwanza. Athi River unavaa sweta. Sultan Hamud umeivua. Mtito Andei umefungua dirisha, na Mariakani shati limeganda mgongoni.

Kaa upande wa kulia ukitoka Nairobi asubuhi. Siku mbingu ikiwa safi, kuanzia Sultan Hamud hadi Emali unaweza kuuona Kilimanjaro umesimama kusini, kilele cheupe. Mbele kidogo, usawa wa Makindu na Kibwezi, vinafuata vilima vya Chyulu, kijani na laini, vichanga sana katika umri wa milima. Sasa hamia kushoto. Baada ya Kibwezi kuna ukuta mrefu ulionyooka kwenye upeo wa macho: hiyo ni nyanda ya Yatta, mabaki ya lava iliyotiririka karibu kilomita 300, mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi duniani. Wengi hupita chini yake maisha yao yote wakidhani ni kilima cha kawaida. Mibuyu huanza kuonekana huko huko, kwanza mmoja mmoja, halafu makundi.

Makindu simama. Hekalu la Masingasinga lilijengwa mwaka 1926, mizizi yake ikiwa kwa wafanyakazi wa reli, na hadi leo linampa chakula msafiri yeyote bila kumdai hata ndururu. Vua viatu, funika kichwa, keti, kula. Weka sadaka ukiweza. Sijui barabara nyingine nchini ambapo mgeni anakaribishwa hivyo katikati ya safari, na huwa nasikitika nikiona magari yakipapita kwa kasi.

Kutoka Mtito Andei unaingia Tsavo, na barabara yenyewe ndiyo mpaka: Tsavo Mashariki kushoto, Tsavo Magharibi kulia. Ndovu wa huko ni wekundu kwa udongo wanaojimwagia. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria 2017, inaenda sambamba nawe juu ya tuta, na chini yake kuna vivuko vilivyoachwa makusudi ili wanyama wapite. Ukifika Voi milima ya Taita iko kulia. Kisha Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, nchi kavu ambayo wapagazi waliiogopa. Pale Mackinnon Road kuna msikiti kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali, na madereva wengi, hata wasio Waislamu, hupunguza mwendo au kusimama kuomba salama.

Sikiliza pia wachuuzi kwenye dirisha. Hadi Kibwezi ni Kikamba, Voi ni Kitaita, Samburu na Mariakani ni Kiduruma, na bidhaa zinabadilika pamoja na lugha: machungwa na viondo kwanza, kisha asali, kisha madafu. Minazi ya kwanza ikishaonekana kabla ya Mazeras, hata mtoto aliyelala huamka.

Kwenda Nakuru, nipite juu au chini?

Pale Rironi barabara inagawanyika. Ya juu inapita Limuru, Soko Mjinga na Kinungi hadi Naivasha. Ya chini inashuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Ukiwa na haraka na gari dogo, pita juu. Malori mengi hupita chini, na nyuma ya trela lililopakia kontena utajifunza subira.

Lakini kwa mara ya kwanza nenda chini, mchana. Ile njia ilichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walikuwa wametekwa katika vita vya Ethiopia na Somalia, wakaletwa Kenya, wakapewa sururu. Karibu na mwisho wa mteremko, kando kabisa ya lami, walijijengea kanisa dogo la Kikatoliki mwaka 1942. Lipo hadi leo, dogo kiasi kwamba watu kumi na wachache wanalijaza. Ingia, ukae dakika chache, halafu utazame nyuma ule ukuta wa mlima ulioteremka. Watu waliukata kwa mikono yao, mbali na kwao, bila kujua kama watarudi.

Juu, kwenye vibanda vya kutazamia bonde, uko karibu mita 2,400. Mlima Longonot, mita 2,776, uko mbele yako na kovu la volkeno juu yake, Suswa iko kushoto, na kati yao tambarare imelala. Nunua kitu kwa wale wauzaji. Wanasimama kwenye baridi kutwa nzima, na kofia zao za manyoya zinakinga kweli.

Mwishoni mwa 2025 ilizinduliwa kazi ya kuipanua barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, itakayolipiwa na watumiaji. Kwa hiyo usikadirie muda wa safari hiyo kwa mazoea ya zamani, acha nafasi.

Je, ni kweli barabara ya Narok ilipasuka kwa sababu Afrika inagawanyika?

Bara linagawanyika kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Ule ufa uliokata barabara karibu na Suswa Machi 2018, picha zake zikazunguka dunia nzima, ulifunuliwa na mvua kubwa. Sakafu ya bonde pale ni jivu laini la volkeno. Maji hupenya ndani yake, huchimba mitaro chini kwa chini, na siku moja paa linaporomoka. Wanajiolojia walieleza hivyo wakati ule ule, ingawa habari ya bara kupasuka ndiyo iliyosambaa. Barabara ilijazwa na kutengenezwa haraka, magari yakapita. Kwa msafiri, funzo lililo karibu ni la mvua: Machi hadi Mei, uliza hali ya Mai Mahiu kabla ya kuondoka. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu wengi pale.

Nisipokuwa na gari je?

Barabara haiulizi kama una gari. Nimejifunza mengi zaidi kiti cha mbele cha matatu kuliko nikishika usukani, maana dereva wa gari lake mwenyewe anatazama lami, na abiria anatazama nchi. Fika steji mapema uchukue kiti cha dirisha. Jijini Nairobi, magari ya Nakuru na Naivasha utayapata Nyamakima, mabasi ya Ukambani na magharibi pale Machakos Country Bus, ya Moyale Eastleigh. Mwulize dereva maswali ya barabara, si ya nauli. Yule mzee aliyekaa usukani tangu kabla ya sheria za waziri Michuki za 2004, zilizoletea matatu mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, anakumbuka kila daraja lilivyokuwa kabla ya kujengwa.

Thika Road ina nini cha ajabu? Ni jam tu.

Ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, hatukuwa tumeona kitu kama hicho. Kilomita zipatazo 50, njia nane sehemu nyingine, kampuni tatu za Kichina zikiwa zimegawana vipande, fedha zikitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, China na serikali yetu. Makutano ya Pangani na Muthaiga yalikuwa kivutio. Watu walikuwa wanapanda matatu kwenda tu kuona namna barabara zinavyopitana juu na chini.

Kinachonivutia zaidi ni kilichotokea pembeni. Ruiru, Juja na Thika zilisogea. Aliyekuwa anakodisha chumba Eastlands aliweza kununua ploti Juja na bado akafanya kazi mjini. Ghorofa za Roysambu, Kahawa Wendani na Githurai zilipanda kwa sababu ya lami hiyo. Ndiyo, jam imerudi, kwa kuwa barabara pana huita magari, na magari yaliitika.

Jambo moja linaniuma. Barabara ile ilikata mitaa katikati, na kwa muda mrefu watu walivuka njia nane wakikimbia. Madaraja ya miguu yapo; tafadhali tumia. Lakini anayepanga barabara naye akumbuke kwamba mama aliyebeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni hawezi kuzunguka nusu kilomita ili avuke. Kila mwaka wanaokufa zaidi barabarani Kenya ni watembea kwa miguu. Barabara kuu yoyote inayopita kati ya makazi ya watu inapaswa kuanza kuchorwa kutoka kwao.

Nairobi Expressway inafaa kulipiwa?

Kwa anayewahi ndege, ndiyo. Ni kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumiwa na umma Mei 2022, na mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa. Gari dogo likienda mwanzo hadi mwisho hulipa shilingi 500 tangu bei zipandishwe Januari 2024. Bodaboda, tuktuk na waendao kwa miguu hawaruhusiwi. Kampuni ya Kichina iliyoijenga itarudisha fedha zake kwa kuiendesha kwa miaka 27.

Kama mtazamaji, naipenda kwa kimo chake: unaona mbuga upande mmoja, jiji lote mbele, na paa za South B chini yako. Ila nguzo zake zilimeza nafasi, na miti mingi ya Uhuru Highway na Waiyaki Way iliondoka. Kuna mti mmoja ulionusurika, mkuyu mkubwa wa Westlands wenye umri wa karne moja hivi. Ulikuwa ukatwe Novemba 2020, watu wakapaza sauti, rais akaamuru uachwe. Nikipita Waiyaki Way huwa nautafuta kwa macho.

Naweza kuzunguka Nairobi bila kuingia mjini?

Unaweza, na ni safari nzuri ya Jumapili asubuhi. Anzia Mombasa Road, shika Southern Bypass: mbuga ya wanyama kushoto, kisha Kibra kulia, kisha msitu wa Ngong. Unatokea Gitaru. Kutoka hapo Western Bypass hadi Ruaka, kati ya mashamba yanayogeuka majumba. Northern Bypass hadi Ruiru, halafu Eastern Bypass ikurudishe Mombasa Road. Pete imefungwa. Kamakis utakutana na moshi wa nyama choma. Hakuna mtu atakayekulaumu ukisimama.

Katika mzunguko huo mmoja unaona udongo ukibadilika: mwekundu Ruaka, mweusi Embakasi. Udongo huo ndio unaojibu swali linalofuata.

Kwa nini lami yetu huharibika mapema?

Sababu tatu hukutana: udongo, maji na uzito. Udongo mweusi wa nyanda za Athi, Embakasi na Kitengela hunywa maji na kuvimba kama unga uliotiwa hamira, kisha kiangazi unasinyaa na kupasuka. Lami iliyowekwa juu yake bila kuuondoa au kuutibu kwa chokaa itapasuka nao. Maji yakishaingia kwenye ufa, kila tairi linalopita linayasukuma chini na kubomoa msingi. Ndiyo maana fundi mzuri hutazama mitaro kabla ya kutazama lami. Mtaro ulioziba ni shimo la mwaka ujao.

Uzito ni habari ya mizani. Katika Afrika Mashariki lori haliruhusiwi kuzidi tani 56, na mzigo hupimwa kwa ekseli, kwa sababu kinachovunja barabara ni kiasi kinachokandamiza kila ekseli. Madhara hayapandi sawasawa na uzito. Ukiongeza mzigo wa ekseli maradufu, madhara kwa lami huongezeka mara kumi na sita hivi. Ile foleni ya malori unayoiona kwenye mizani ya Mariakani au Gilgil inaokoa barabara yako, kwa hiyo vumilia.

Moyale imefika lami kweli?

Imefika, na ni mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona kwenye ramani ya nchi hii. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni takriban kilomita 500, na hadi miaka ya 2000 ilikuwa njia ya mawe na vumbi. Watu walipanda juu ya malori ya ng'ombe, wakishikilia vyuma, siku mbili au tatu, mara nyingi kwa msafara unaolindwa. Lami iliwekwa kipande kwa kipande, Merille, Marsabit, Turbi, ikakamilika katikati ya miaka ya 2010. Wenyeji wa Marsabit waliokuwa wanasema "naenda Kenya" walipokuwa wanaelekea Nairobi sasa wanafika siku hiyo hiyo.

Safari yenyewe ni ya kustaajabisha. Unatoka Nanyuki, unapita mashamba ya ngano ya Timau kwenye ubaridi mkali, halafu nchi inaanguka mbele yako na unaona kaskazini yote, kahawia hadi upeo. Kufikia Isiolo umeshuka zaidi ya mita 1,000 na joto limekupokea. Baada ya Archer's Post na daraja la Ewaso Ng'iro, mlima Ololokwe unasimama kushoto, kichwa bapa, kuta wima. Marsabit ni msitu juu ya mlima katikati ya jangwa, mara nyingi umefunikwa ukungu. Kaskazini yake ni Dida Galgalu: mawe meusi ya volkeno, hakuna mti, barabara imenyooka hadi inapotelea kwenye mangati. Moyale ukivuka mpaka, magari yanahama upande, kwa kuwa Ethiopia wanaendesha kulia.

Jaza mafuta Isiolo na Marsabit, beba maji mengi kuliko unayodhani yanatosha, na uliza wenyeji kuhusu usalama kabla ya kuendelea. Ngamia wana haki ya njia.

Nisafiri usiku?

Hapana. Najua biashara na misiba haisubiri jua, lakini kwa safari ya hiari jibu langu ni hapana. Tazama mteremko wa kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa. Ni mrefu, na kwa miaka madereva wengine walikuwa wanalitoa lori kwenye gia literemke lenyewe ili kuokoa dizeli. Breki zikichemka hazishiki. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa, kwenye mteremko huohuo, watu 36 wakafa. Vizuizi vya zege viliwekwa baadaye kutenganisha njia, na vimesaidia. Juni 2023, jioni, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani likawafagia wachuuzi na abiria steji: watu 52 wakafa. Wale wachuuzi ndio wanaotuuzia viazi na karoti dirishani. Kila nikikaribia soko la kando ya barabara napunguza mwendo, hata pasipo na tuta.

Sheria ni kilomita 50 kwa saa mjini, 100 kwenye barabara kuu, 110 kwenye zilizotenganishwa njia, na 80 kwa matatu, mabasi na malori. Hiyo ni mipaka ya juu, na ukungu wa Kinungi hauitambui.

Ikweta naivukia wapi?

Kusini kidogo mwa Nanyuki kwenye A2, karibu na Timboroa kwenye A8, na Maseno kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Timboroa ndiyo inayowashangaza wageni: uko kwenye mstari wa ikweta, zaidi ya mita 2,700 juu, na meno yanagongana kwa baridi.

Safari Rally ina uhusiano gani na haya yote?

Mkubwa. Mashindano hayo ya magari yalianza 1953, na kwa miongo mingi yalikimbizwa kwenye barabara za kawaida, zile zile za matatu na mikokoteni. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Wazazi wetu walijua majina ya kona za mbali kwa sababu ya matangazo ya redio wakati wa Pasaka, yalipokuwa yakikimbizwa. Tangu yarudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, makao yake ni Naivasha.

Una siku moja tu. Wapi?

Magadi. Kama kilomita 110 tu kutoka Nairobi, karibu yote ni kuteremka. Pita Rongai na Kiserian, upande bega la vilima vya Ngong hadi Corner Baridi, na hapo upepo unakusalimia na bonde linafunguka. Simama Olorgesailie uone shoka za mawe zilizoachwa na watu wa kale sana, zimelala pale zilipogunduliwa na wataalamu. Mwisho wa lami ni ziwa la magadi, jeupe na la waridi, na joto ambalo Nairobi haijui. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, rudi kabla ya jua kuzama.

Na barabara nzuri kuliko zote nchini?

Iten hadi Kabarnet, kupitia Tambach na Biretwo. Fupi, nyembamba, na inashuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona zilizochongwa kwa ustadi mkubwa hadi Bonde la Kerio, kisha inapanda vilima vya Tugen upande wa pili. Kwenye korongo la Cheploch vijana wa pale hupiga mbizi mtoni kutoka juu ya miamba. Tumia gia ndogo kushuka, na piga honi kwenye kona.

Nibebe nini?

Gurudumu la akiba lenye upepo, jeki, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizima moto, maji, na noti ndogo za kununulia barabarani. Chaji simu. Mwambie mtu unapita wapi.

Barabara ipi unaitamani sasa?

A1 kaskazini ya Kitale. Nataka kuanzia Kapenguria, nishuke Marich ambapo barabara inapenya milima ya Cherangani, nivuke mto Turkwel pale Kainuk, kisha Lokichar, Lodwar, Kakuma, hadi Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Sehemu kubwa imewekwa lami upya. Madereva wa malori ya huko wananiambia kipande cha Kainuk kinahitaji kuulizia habari za usalama asubuhi ile ile, kwa hiyo nitalala Kapenguria, niulize polisi na wenye hoteli, na wakisema nisubiri nitasubiri.